"Mfumo haujasoma": MIS ni kozi ya nini hasa, na mbona inachanganya watu

Kuna sentensi kila Mtanzania aliyewahi kulipia kitu ofisini ameshaambiwa dirishani, "mfumo haujasoma". Umelipa ada jana kwa simu, meseji ya kukatwa hela unayo, salio limepungua kweli kweli, alafu unafika kwa mhasibu anaangalia kompyuta yake anakwambia ndugu yangu malipo yako hayapo, mfumo haujasoma, pita kesho. Unabaki unajiuliza haujasoma wapi, shule gani?

Naanzia hapo dirishani kwa sababu ndo sehemu rahisi ya kuelezea MIS, yani Management Information Systems. Kila msimu wa kuomba vyuo ukifika madogo wa form six wananitafuta inboksi na swali ni lile lile, kaka nichague kompyuta sayansi, IT, au hii MIS, na hii ya mwisho mbona ina uhasibu ndani? Kitaa wanapewa majibu mawili. Wengine wanawaambia ni IT ya walioogopa hesabu, wengine wanasema ni biashara iliyobandikwa kompyuta juu. Yote hayajakaa sawa, ila naelewa yalikotoka.

Turudi dirishani. Ile kontro namba yako ya tarakimu 12 inayoanza na 99 inatoka kwenye mfumo wa malipo wa serikali, GePG, ulioanza kutumika mwaka 2017. Safari yake iko hivi: mfumo wa chuo unatengeneza bili, unaituma GePG, GePG inarudisha namba, wewe unaingiza hiyo namba kwenye simu au unaenda nayo benki, benki au kampuni ya simu inaiambia GePG hela imeingia, GePG inaiambia mfumo wa chuo, na baadae kuna kazi ya kulinganisha hesabu kati ya benki, GePG na chuo kuona kama kila senti iko inapotakiwa. Ni vituo vingi, na "haujasoma" maana yake taarifa imekwama kwenye kituo kimojawapo. Zamani ulikuwa unalipa benki, unapewa pei-in slipu, unaipeleka kwa keshia wa chuo anakuandikia risiti kwa mkono, na ukiipoteza ile karatasi kabla hujafika basi umeumia.

Sasa weka watu watatu waliomaliza chuo mbele ya tatizo hilo. Wa kompyuta sayansi atataka kujua programu imeandikwaje, meseji ikipotea njiani inatumwa tena au ndo basi. Wa IT ataangalia mtandao na seva, iko hewani au imezima. Wa MIS, kama alisoma vizuri, anauliza kitu kingine kabisa: nani alitakiwa ajue kwamba mwanafunzi amelipa, alitakiwa ajue saa ngapi, na akishajua anatakiwa afanye nini? Maana unaweza kukuta mtandao uko poa, programu haina kosa hata moja, ila mhasibu anaangalia ripoti inayojisasisha usiku tu, na ofisi ya mitihani inataka orodha ya waliolipa saa mbili asubuhi, basi mwanafunzi anakosa kadi ya kuingilia UE, mtihani wa mwisho wa semesta, wakati hela yake imeshafika. Hapo haijaharibika kompyuta wala nini, umeharibika mpangilio wa nani anajua nini na lini. Kozi nzima ya MIS iko ndani ya huo mpangilio.

Jina lenyewe linatisha bure. Kwa Kiswahili ni mifumo ya taarifa za uendeshaji, na sisi tumekuwa nalo muda mrefu bila kujua, nenda zahanati yoyote utawakuta wanaongelea MTUHA, yani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Ni MIS kabisa, na kwa miaka mingi ilienda kwa karatasi na peni tu. Kuna vitabu vina namba, cha wajawazito kivyake, cha wodi ya wazazi kivyake, nesi anajaza mstari kwa mstari, mwisho wa mwezi wanahesabu kwa vijiti, wanajaza fomu ya jumla, inapelekwa wilayani, na wilayani ndo inaingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Hiyo DHIS ilizaliwa Afrika Kusini miaka ya 1990 na inaendelezwa Chuo Kikuu cha Oslo kule Norway, leo nchi kibao zinaitumia.

Kaa kidogo na huyo nesi kwa sababu anafundisha kuliko slaidi za lekchara. Asubuhi ana foleni ya kina mama, yuko peke yake, kitabu kina safu nyingi na nyingine maandishi yake madogo hata hayasomeki vizuri. Anafanyaje? Anahudumia kwanza, kitabu anakijaza jioni kwa kumbukumbu. Basi ile namba itakayofika wilayani, alafu mkoani, alafu wizarani, na mtu akaichorea grafu nzuri ya rangi akaamua dawa ziende wapi, ilizaliwa saa kumi na moja jioni kwenye kichwa cha mtu aliyechoka. Unaweza kununua seva ya bei gani unayotaka, hiyo namba haitapona. Mtu wa MIS ndo anatakiwa aende akakae pale zahanati, aone foleni, arudi aseme jamani tupunguze safu, au tumpe njia ya kujaza wakati anahudumia na sio baada. Hiyo haiitwi IT nyepesi bana, hiyo ni kazi nyingine.

Historia yake nayo haikuanzia kwa wanasayansi wa roketi. Kampuni ya Uingereza iliyoitwa J. Lyons, wauza chai na keki wenye migahawa kibao, walijitengenezea kompyuta yao wakaiita LEO, na mwaka 1951 ikaanza kupiga hesabu za thamani ya bidhaa za kiwanda chao cha mikate. Baadae ikachukua oda za kila siku za migahawa, meneja anapiga simu anasema kesho nibadilishie hivi na hivi, mashine inatoa orodha ya nini kiokwe na nini kipakiwe. Wauza maandazi, ukipenda! Kama somo la chuo likaja baadae, Chuo Kikuu cha Minnesota Marekani ndo kinatajwa kuwa na programu rasmi ya mwanzo mwaka 1968, na liliwekwa kwenye shule ya biashara. Ndo maana mpaka leo kozi hii ina miguu miwili, vyuo vingine imekaa kitivo cha kompyuta, vingine kitivo cha biashara, na usishangae watu wawili wenye shahada zinazofanana jina wakawa wanajua vitu tofauti kabisa.

Na majina ndo fujo yenyewe. Hutaikuta kila sehemu imeandikwa MIS. UDOM utakutana na mifumo ya taarifa za biashara, Mzumbe wana TEHAMA iliyochanganywa na menejimenti na nyingine iliyochanganywa na biashara, ukivuka Kenya Strathmore na JKUAT wanaita BBIT, teknolojia ya habari ya biashara. Wote hao ni ukoo mmoja. Kwahiyo usichague kwa jina, fungua orodha ya masomo semesta kwa semesta uhesabu mwenyewe, masomo mangapi ni ya kuandika programu na databesi, mangapi ni ya uhasibu na menejimenti. Ikiwa databesi ni moja tu ya mwaka wa pili alafu basi, hiyo ni shahada ya biashara yenye kompyuta kidogo, na hakuna ubaya, ila ujue mapema usije ukamlaumu mtu mwaka wa tatu.

Mwaka wa kwanza unachanganya kila mtu. Jumatatu asubuhi uko kwenye uhasibu unajifunza debiti na krediti, mchana uko kwenye C au Python unaandika programu ya kujumlisha namba, Jumanne uchumi, Jumatano takwimu, Alhamisi tabia za watu kwenye taasisi. Unaona kama wamekuchotea kijiko kimoja kimoja kutoka kila chungu. Wenzetu wa kompyuta sayansi walikuwa wanatucheka, wa uhasibu nao wanatucheka, sisi tumekaa katikati hatuna majibu ya maana. Mimi semesta ya kwanza nilitaka kuhama, bumu lenyewe, yani hela ya mkopo ya kujikimu, lilikuwa halijatoka, yani kila kitu kilikuwa hovyo.

Kitu kinakuja kuungana mwaka wa pili kwenye somo la uchambuzi na usanifu wa mifumo. Hili ndo moyo wa kozi na ndo somo watu wanalolidharau kwa sababu lina michoro mingi na maneno mengi. Kazi yake ni hii: kabla hujagusa kompyuta, nenda ukamuulize mtu anafanyaje kazi yake, alafu kaa umtazame anavyoifanya, kwa sababu anavyosema na anavyofanya havifanani hata siku moja.

Mimi hilo nilikuja kulielewa fildi, yani mafunzo kwa vitendo. Nilipelekwa ofisi moja, siitaji, walikuwa na mfumo wa stoo mpya na walikuwa wanaulalamikia kwamba ni mbovu kwa sababu ulikuwa unaonyesha hasi. Nakumbuka rimu za karatasi zilikuwa hasi 14, yani kwa mujibu wa mfumo stoo ilikuwa inadaiwa karatasi ambazo haijawahi kuwa nazo. Mimi kijana wa mwaka wa pili nikajifungia siku mbili natafuta kosa kwenye programu, sikuliona. Siku ya tatu nikaamua kukaa tu na mtunza stoo, mzee mmoja mpole, tukawa tunakunywa chai naangalia vitu vinavyoingia na kutoka. Gari la mzigo likaja saa nne, mzigo ukashushwa, ankara dereva akaipeleka juu uhasibu kama ilivyo kawaida yao. Mfumo sasa ulikuwa hauruhusu kupokea mzigo mpaka uingize namba ya ankara, na ankara iko ghorofa ya pili itarudi Alhamisi. Watu wanataka karatasi leo. Mzee anatoa, anaandika kwenye kidaftari chake cha mfukoni, anaingiza kwenye mfumo kutoka, kuingia bado. Hasi 14 hiyo hapo.

Dawa yake haikuhitaji mstari hata mmoja wa programu. Ankara ianzie kwa mzee, aisajili, ndo ipande juu. Lakini kumshawishi mhasibu akubali karatasi ipite kwa mtunza stoo kwanza ilichukua wiki mbili, maana lilikuwa limeshakuwa suala la heshima, nani mkubwa kwa nani. Hapo ndo nikaelewa kwa nini walitufundisha tabia za watu kwenye taasisi, somo ambalo nililipita na C nikashukuru Mungu.

Databesi nayo inaogopwa bure. Kafungue daftari la madeni la duka lolote mtaani. Utakuta "Mama Asha 3,000", kurasa mbili mbele "Mama Asha wa kona 1,500", mwisho "M/Asha 2,000". Ni mtu mmoja au watatu? Mwenye duka anajua kichwani, siku akiumwa akamuachia duka mpwa wake, deni limepotea. Wazo la kupanga data kwenye majedwali yanayohusiana lilitolewa na Edgar Codd wa IBM mwaka 1970, na sehemu yake kubwa ni hiyo tu: kila kitu kipewe alama moja isiyogongana na nyingine, na jambo moja liandikwe sehemu moja. Ndo maana NIDA wamekupa namba ya tarakimu 20, jina lako wako wengi ila hiyo namba ni yako peke yako. Ukilielewa daftari la Mama Asha, SQL, ile lugha ya kuongea na databesi, utaimudu.

Alafu kuna piramidi ya ngazi za uongozi na taarifa kila ngazi inazohitaji, hii kila mwanafunzi wa MIS ameichora kwenye mtihani mpaka akaota. Mimi naielezea kwa wakala wa pesa za simu. Wakala pale kibandani anahitaji kujua muamala huu mmoja umepita au haujapita, sasa hivi, basi. Msimamizi wa eneo hana shida na muamala mmoja, anataka kujua ni mawakala gani floti inawaishia kila Ijumaa mchana ili awapelekee kabla wateja hawajaondoka. Bosi makao makuu hataki hata majina ya mawakala, anataka kujua mwaka ujao waongeze nguvu wilaya gani. Data ni ile ile, imetoka kibandani, lakini kila ngazi inataka ipikwe kivyake, na ukimpelekea bosi orodha ya miamala elfu themanini umemtupia mchele mbichi, umwambie ale.

Sasa hesabu. Wanaosema MIS haina hesabu wanawadanganya watoto. Kalkulasi nzito kama ya uhandisi hautakutana nayo sana, kweli, ila takwimu ipo na itakung'ang'ania, mantiki ipo, na uhasibu ni hesabu zinazotaka utulivu. Waliotoka michepuo yenye uchumi kama EGM na ECA nimeona wanaingia vizuri upande wa biashara wanahangaika na programu, wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) kinyume chake. Vigezo vya kuingia vinatofautiana chuo na chuo, kitabu cha mwongozo cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kinatoka kila mwaka, soma mstari wa kozi yako mwenyewe na usimtegemee jirani aliyeomba miaka mitano iliyopita. Vyuo vingi vya hapa ni miaka 3, Kenya ni 4. Na kama matokeo hayakukaa vizuri kuna njia ya diploma kupitia NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, unapanda ngazi zake za tuzo zinazoitwa NTA mpaka ya 8 ambayo ndo shahada, nimesoma na watu waliopita huko na kwenye vitendo walikuwa wanatuacha mbali.

Kuna somo lingine wengi wanaliona la kujazia ratiba, ukaguzi na udhibiti wa mifumo. Kwa hili mtu akasome kesi ya Posta ya Uingereza. Walianza kutumia mfumo wa hesabu wa Horizon wa kampuni ya Fujitsu kuanzia 1999, mfumo ukawa unaonyesha mapungufu ya hela kwenye posta ndogo ndogo, na wakubwa wakaamini kompyuta wakawashtaki watu. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani, kuna waliofungwa, kuna waliofilisika, na kosa kumbe lilikuwa la mfumo. Bunge lao likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo mwaka 2024. Robo karne hiyo! Mtu wa MIS aliyeiva ndo anayetakiwa anyooshe mkono kwenye kikao aulize, tunajuaje kwamba hii namba ni kweli, nani anaweza kuibadilisha, na akiibadilisha inaacha alama? Kwetu pia mambo yamekazwa, tuna Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwahiyo anayejua mifumo na sheria zake ana pa kushika.

Ajira, najua ndo mlichokuwa mnasubiri. Sitakudanganya, ni mara chache utakuta tangazo la kazi limeandikwa "anatafutwa mtu wa MIS". Serikalini ni Afisa TEHAMA kupitia Ajira Portal, tovuti ya maombi ya kazi za serikali, na pale usiruke mstari wa sifa, linganisha jina la shahada yako na waliyoyaorodhesha kabla hujajaza. Benki na kampuni za simu wanaita mchambuzi wa biashara, mchambuzi wa data, msimamizi wa bidhaa. Kwenye ukaguzi wanataka wenye CISA, cheti cha mkaguzi wa mifumo kinachotolewa na chama cha kimataifa cha ISACA, kinakuja na uzoefu wa kazi, sio kitu cha kukimbilia mwaka wa tatu. Mashirika ya afya wanataka wanaoijua DHIS2. Na kuna kundi kubwa halisemwi, biashara za kati za Kariakoo na mikoani zinazohama kutoka daftari kwenda programu za hesabu za biashara kama Odoo, Tally au QuickBooks, zinahitaji mtu akae nao miezi mitatu awahamishe bila duka kusimama. Hela ya huko haiko kwenye tangazo, inakuja kwa kuambizana.

Shida ya wahitimu wetu wengi, na mimi nilikuwa mmoja, ni kutoka na vijiko vile vile vya mwaka wa kwanza. Anajua programu kidogo, uhasibu kidogo, mtandao kidogo, anashindana na wa kompyuta sayansi kwenye kuandika programu anapigwa, anashindana na mhasibu mwenye CPA anapigwa. Aliyefanikiwa kwenye darasa letu alichagua eneo moja mapema, bandari na forodha, fildi zote mbili akaenda huko, projekti ya mwisho akafanya huko, mpaka anamaliza alikuwa anajua kontena linapita kwenye meza ngapi na nani anachelewesha nini. Programu alikuwa ananizidi kidogo tu, ila anaongea na wakala wa forodha wakaelewana, anageuka anaongea na mtu wa seva wakaelewana.

Kama bado hujui uchague ipi, likizo hii chukua daftari la duka la mtu wa nyumbani, la mama, la shangazi, la yeyote atakayekuamini. Kaa naye siku tatu usiseme kitu, tazama nani anakuja, nini kinaandikwa, nini hakiandikwi na kwa nini. Alafu chora majedwali, la wateja, la bidhaa, la madeni, ingiza kwenye Excel, mpelekee umuulize wiki hii nani anakudai wewe na nani unamdai. Ikikuboa kumtazama shangazi akiuza na ulikuwa unawahi tu kufika kwenye Excel, nenda kompyuta sayansi au IT kwa amani. Ukijikuta unamuuliza kwa nini nyanya haziandikwi daftarini na sabuni zinaandikwa, jaza MIS.